Adhana, Sindano, Sahani

Siku ya kuniaga mliniletea halwa. Kliniki ya sukari, watu wa sukari, na katikati ya meza sinia la halwa inayong'aa kwa samli. Aliyelipendekeza simjui hadi leo. Kila niliyemuuliza alikana, kana kwamba sinia lilijiingia lenyewe dirishani. Nililamba kidole kimoja tu, maana mwaka ule ule nilikuwa nimepimwa nikakutwa na sukari, ile ya wazee, ya vidonge. Nesi aliyewachoma watoto wa watu umri wake wote akakamatwa mlangoni anapotoka. Mlicheka mpaka mkashikana mabega, na mlikuwa na haki.

Baada ya kucheka, nyinyi manesi niliowaachia kazi mkanitaka niandike. "Bwana Athmani, tuandikie ya zamani, wewe ndiwe uliyekaa nayo." Mmesema kweli. Kukaa ndiko nijuako.

Mimi ni mtu wa Langoni, na nikisema Langoni sina maana ya mtaa mzima. Nina maana ya nyumba yetu, baraza yake, na duka linaloelekeana nayo. Shela kwangu ni safari. Kiunga ni ng'ambo. Nilipomaliza kidato cha nne nilipelekwa bara kusomea uuguzi, na jambo la kwanza nililojifunza huko ni kwamba bara hakuna anayelijua jina la nyanya yako. Nilirudi na cheti na mkoba ule ule, nikaapa kwamba atakayenitaka tena atanifuata.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kwa Bi Zena. Alikuwa mtu wa Pate, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka dari ya pili, ghorofani. Hakunionyesha friji wala kabati. Alinipa ndimu na bomba la sindano lenye maji.

"Choma," akasema.

"Nimchome nani?"

"Hiyo ndimu. Ndimu haina mama wa kukukazia mato."

Nilichoma, sindano ikapita upande wa pili ikanikuta kidole. Bi Zena akatazama damu, akatazama ndimu. "Alhamdulillahi," akasema, "mgonjwa kapona, dakta ndiye wa kulazwa." Tangu siku ile kila mzazi aliyekuja kwetu alianza na ndimu, na jioni Bi Zena alizibeba zote kwake kutia kwenye samaki. Hakutupa kitu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba chupa ya dawa ile ya rangi ya maziwa haitikiswi kama ya kikohozi. Huviringishwa viganjani taratibu mpaka ichanganyike. Alinifundisha kuwaonyesha watu wasio na friji jinsi ya kutia mtungi mdogo ndani ya mkubwa, mchanga wa maji katikati, chupa ndani, kitambaa kibichi juu, na yote hayo kwenye pembe ya nyumba isiyofikiwa na jua. Mama mmoja aliona hayo ni mambo ya kimaskini, akaizika chupa kwenye barafu ya samaki. Dawa ikaganda. Akaiyeyusha akaendelea kuitumia, akashangaa kwamba sukari ya mwanawe haishuki. Dawa iliyoganda imekufa, hata ikirudi kuwa maji. Haya mnayajua, lakini mjue pia kwamba mama yule hakuwa mjinga. Hatukuwa tumemwambia.

Kazi hasa ilikuwa saa. Watoto wetu wengi siku zile walipewa sindano mbili za dawa iliyochanganywa, kubwa asubuhi na ndogo jioni, kila moja kama nusu saa kabla ya kula. Ukimwambia mtu "nusu saa kabla ya chakula" anakuitikia kwa heshima zote, kisha anarudi kwake anakisia. Mmoja anachoma mtoto kisha anakwenda kuwasha moto. Mwingine anamlisha kwanza, anakumbuka sindano wakati wa kuosha vyombo.

Bi Zena ndiye aliyepata ndia. Hapa kwetu, alisema, hakuna mtu asiyesikia adhana. Basi sindano ichomwe pale mwadhini anapoanza, Alfajiri na Magharibi. Watu waende wakasali. Wakirudi, au mama akishakunja mswala wake na chai ikatiwa, muda umetimia. Adhana, sindano. Sala, sahani. Wazazi waliimba maneno hayo wakitoka mlangoni. Sukari za watoto zikatulia, na daktari aliyekuja kututembelea alituuliza tumetumia mbinu gani. Bi Zena akamjibu, "Misikiti."

Hapo ndipo alipoingia Rukia.

Alikuwa na miaka tisa, wa Matondoni. Baba yake, Bwana Shee, alikuwa fundi wa kukalafati, wale wanaoziba nafasi za mbao za mashua kwa pamba na mafuta ya papa. Mama yake, Bi Asiya, ndiye aliyesema. "Dakta, mwanangu anakunywa mtungi mzima na bado kiu. Anakonda mimi namuona. Na chooni akitoka yeye, sisimizi wanajipanga kama watu wa harusi." Mtoto alikuwa anapumua haraka, na pumzi yake ilinukia tunda lililoiva kupita kiasi. Mnaijua harufu hiyo. Ombeni pua zenu zisiizoee.

Alipopata nafuu, Bi Zena aliwakalisha wazazi akawaambia kwamba ni sukari, ile ya sindano.

"Basi ni mpaka lini hizo sindano?" akauliza Bwana Shee.

"Mpaka siku zake zote."

Akakunja mikono ya shati. "Nipe hiyo ndimu."

Sijaona mkono mtulivu kama ule. Sindano iliingia na kutoka kama uzi katika kitambaa. Tatizo lilikuwa harufu. "Bwana Shee," nikamwambia, "osha tena kwa sabuni, na tena. Ukimchoma na mkono huo mtoto atafuatwa na papa mpaka chuoni, kwenye Kurani." Rukia akacheka, mara yake ya kwanza kwetu, nami nikajiona bingwa. Nilikuwa nimegundua kwamba nikitania, watoto wanalegeza paja. Mzaha ukawa chombo changu cha kazi. Wengine wana mkono. Mimi nilikuwa na mdomo.

Nyumba ile ikawa mfano. Baba jioni, mama alfajiri. Kosa la Rukia lilikuwa moja: alipenda achomwe pale pale pajani kila siku, "hapa hapaumi, dakta," mpaka pakafanya nundu. Panaacha kuuma kwa sababu pamechoka, na mahali palipochoka hapanywi dawa vizuri. Zungusheni. Paja hili, paja lile, tumbo, mkono. Mtoto atawabembeleza. Msikubali.

Kisha ukaandama mwezi wa Ramadhani.

Tulikuwa tumewaambia wazazi kwamba mtoto mwenye sukari hafungi, na Bi Asiya akamwambia mwanawe hivyo hivyo: mgonjwa kasamehewa. Lakini nyinyi mmezaliwa hapa. Mwajua mtoto wa miaka tisa akifika chuoni mwezi ule anapokewa na nini. "Toa ulimi!" Wanatoa ndimi wote, wanatazamana kama wanunuzi wa ng'ombe. Mweupe, mkavu, kafunga. Mwekundu, kala, na ataimbwa mpaka Idi. Rukia alitoa ulimi wake mwekundu siku za mwanzo akasema mimi mgonjwa, nimesamehewa. Wenzake wakamjibu, mbona jana ulikuwa ukiruka kamba?

Nyumba zetu alfajiri ya Ramadhani zinakuwaje? Watu wameamka kula daku, adhana imelia, wamesali, wamelala. Mtaa mzima unakoroma. Bi Asiya alifanya kila tulichomfundisha: adhana ikaanza, akamchoma mwanawe, akasali, akamwekea uji na mahamri jikoni, akamwambia, "Kula mamangu, nikanyooshe mgongo kidogo." Akaenda kulala. Mtoto akabaki peke yake na sahani, ndani ya nyumba iliyolala, na sindano kubwa ya siku imeshaingia mwilini.

Akawapa paka.

Bi Zena hakuliona hilo kabla. Mimi pia sikuliona, na yeye alikuwa na udhuru wa kuishi peke yake. Mimi nilikuwa na nyumba iliyojaa watu, na saa ile nilikuwa katikati yao nimelala. Ratiba yetu ilikuwa nzuri kwa miezi kumi na mmoja.

Mchana kabla ya adhuhuri Rukia alilegea chuoni. Haya nilisimuliwa na maalimu mwenyewe, Maalimu Famau, mtu mpole ambaye hakuwahi kuinua fimbo. Alimwona anatetemeka na jasho linamtoka. Akatabasamu. "Saumu ya kwanza hiyo imemshika," akawaambia watoto. "Mwacheni, msimsumbue. Ana thawabu kubwa." Akamlaza kwenye mkeka, akamfunika kwa shuka lake mwenyewe, akampepea. Kila mtu alimtendea wema. Wema wa watu waliofunga kwa mtoto aliyefunga ni kutomtia chochote kinywani.

Msichana mmoja, rafiki yake, aliogopa akakimbia kumwita Bi Asiya. Mama alikuja na gudulia la asali, buibui limemvuka mabega, akapiga magoti pale mkekani.

"Bi Asiya, taratibu!" Maalimu akamzuia mkono. "Mtoto kafunga!"

"Hakufunga! Nimeiona sahani yake, tupu!"

"Mtazame ulimi."

Akautazama. Mweupe kama chokaa. Hapo, aliniambia walipofika kwetu, ndipo alipowakumbuka paka wake, namna walivyokuwa wakilamba midomo jikoni asubuhi ile. Akachovya kidole kwenye asali akaanza kumpaka mwanawe ndani ya shavu, na Maalimu Famau akamshikilia kichwa kwa upande asipaliwe, huku anasoma dua na machozi yanamtoka.

Walimleta mjini kwa boti. Nilikuwa zamu. Tulipomtundikia maji ya sukari alifungua macho taratibu, akanitambua, na neno lake la kwanza halikuwa mama.

"Dakta," akasema, "nimefungua?"

Nilimwona mama yake amekwisha kwa hofu, nikataka kuwachekesha. Nikachomoa kile chombo changu.

"Saumu ipi?" nikamwambia. "Wewe huna saumu. Una paka walioshiba."

Chumba kizima kikacheka, cheko la watu walioponea chupuchupu. Bi Asiya alicheka huku analia. Rukia akageukia ukuta. Hakutoa sauti, mabega tu yalikuwa yakienda juu na chini. Bi Zena akanishika mkono akanitoa nje barazani.

"Athmani," akasema, "siku nyingine ulimi wa kutazamwa ni wako."

Tulibadilisha maneno yetu kuanzia wiki ile. Sindano haifuati tena adhana, inafuata sahani. Chakula kiwe kimeiva na kimeonekana ndipo mtoto achomwe, na mtu mzima akae naye, amtazame mpaka sahani iwe tupu. Hayo mmeyarithi nanyi mnayafundisha vizuri. Pia tulisema kwa sauti kubwa kuliko zamani kwamba watoto wetu hawafungi, na nikayasema hayo mimi, mbele za watu, kila mwaka mwezi wa Shaabani ukiingia. Rukia alitii. Ramadhani baada ya Ramadhani alikula uji wake nyuma ya mlango wa jikoni, mama yake amekaa mbele yake anamtazama. Uzito ulikuwa sawa. Vipimo vilikuwa sawa. Mimi niliandika "anaendelea vizuri".

Alipokuwa msichana wa miaka kumi na minne alikuja kliniki peke yake. Alikuwa na mashine yake ya kupimia, ile ndogo ya tone la damu, na alijua kujichoma kuliko sisi.

"Dakta, nataka kufunga siku moja," akasema. "Moja tu. Nitapima mara kwa mara. Ikishuka nitafungua pale pale. Nieleze dawa niipunguze vipi."

Jibu la kweli lilikuwa kwamba sijui. Kulikuwa na madaktari wa watoto Mombasa ambao wangejua kama yafaa au hayafai, na kwa nani, na kumpigia mmoja wao simu hakukuhitaji mtu kuvaa viatu. Lakini kusema "sijui" mbele ya foleni ya akina mama ni kazi, na mzaha ulikuwa tayari mdomoni.

"Umeshaomba ruhusa kwa paka?" nikamwuliza.

Akina mama wakacheka, kisa kile kilikuwa kinajulikana kisiwa kizima. Rukia akatabasamu kwa adabu, akatia mashine yake kwenye mfuko. "Haya, dakta. Asante." Hakuniuliza tena kitu chochote, mpaka walipohama.

Maana walihama. Kaka yake Bi Asiya aliwapa chumba Mombasa, na huko kulikuwa na kliniki yenye daktari wa watoto wa sukari hasa, si mimi na ndimu zangu. Bwana Shee alikuja kuniaga mikono ikinuka sifa, yale mafuta ya papa, kama siku ya kwanza. Yeye hajawahi kukalafati mashua nje ya Matondoni. Sasa, alisema, atamsaidia shemeji yake dukani, kuuza misumari.

"Utazoea?" nikamwuliza.

"Wewe ungezoea?" akaniuliza.

Kwa kuwa jibu alilijua, alicheka akanipa mkono. "Njoo utuone, Bwana Athmani. Ni basi moja tu." Nikasema inshaallah. Inshaallah ile ipo mpaka leo, haijavaa viatu. Nimekaa nikifikiri mara nyingi: mimi ambaye ningekufa kwa kuondolewa kwenye baraza yangu, nilimwona mtu anang'oka kwao kwa sababu ya kile tulichoshindwa kumpa mwanawe, nikambebea kikapu mpaka jeti ya boti, nikarudi nyumbani kula.

Bi Zena alistaafu, akarudi Pate, na huko ndiko alikozikwa. Kuzika nilikwenda. Nilitapika botini njia nzima, na nadhani angependa kuliona hilo.

Mwaka huu Ramadhani iliponikuta nimestaafu, daktari aliniambia nisifunge, dawa zangu na figo zangu hazikubaliani na ndaa. Mtu mzima, mwenye mvi, jirani wa msikiti. Basi mchana nilikuwa nachukua bakuli langu la uji nakwenda nyuma ya mlango wa jikoni, nakunywa haraka nimesimama, nikisikia hatua barazani naliweka chini. Siku ya tatu au ya nne, bakuli mkononi, simu ikalia. Picha. Ulimi wa mtu, mweupe, umetolewa nje wote. Chini yake jina ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka: Rukia.

Akaandika kwamba daktari wake amekubali ajaribu, kwamba walianza kupanga dawa kabla ya mwezi kuandama, na kwamba picha hii ni ya asubuhi. Adhuhuri sukari ikaanza kushuka. "Nikafungua kwa tende, dakta. Ofisini, mbele ya watu wote. Hakuna aliyecheka."

Nilisimama na uji wangu. Miaka yote ile tuliwafundisha watoto wasifunge. Hakuna hata mmoja tuliyemfundisha kufungua, bila haya, mbele ya wenzake, siku mwili utakapomtaka. Kama Rukia wa miaka tisa angekuwa na hilo, angekaa chuoni na tende yake mfukoni.

Ujumbe mwingine ukaingia. "Na wewe? Toa ulimi."

Nikatoa. Nikaishika simu mbele ya uso, nikakosa, nikapiga picha ya dari, nikajaribu tena. Mke wangu, Bi Mwanaisha, akatokea mlangoni na ungo wa choroko.

"Bwana, umepatwa na nini?"

"Napimwa," nikasema, ulimi ungali nje.

Nikaituma. Jibu halikuchelewa. "Mwekundu huo. Umekula!"

"Nimekula," nikaandika. "Nimekatazwa kufunga. Niko nyuma ya mlango wa jikoni."

Niliona anaandika, anaacha, anaandika.

"Toka hapo, dakta. Sindano hazikuniuma kama mlango ule."

Nilitafuta mzaha wa kumjibu. Sikuupata, nikashukuru kwamba sikuupata. Nikaandika, "Nisamehe, mwanangu," nikaizima simu kabla sijaharibu.

Kisha nikatoka na bakuli langu mpaka ukumbini, ambako Bi Mwanaisha alikuwa amekaa mkekani anachambua choroko za futari, midomo yake mikavu kwa saumu. Nilisimama pale kama mtoto aliyevunja kitu. Akaniangalia, akaliangalia bakuli, akasogeza ungo kunipa nafasi. Uji ulikuwa umepoa. Nilikaa nikaunywa pale pale mbele yake, naye akaacha choroko zake akanitazama mpaka bakuli likawa tupu.